Jina Bado Ninalitumia

Nanyuki,
14 Januari 1996

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo, ila baridi ya mlima mwaka huu imeamua kulala nasi kitandani, na Gicheru anakohoa lakini hataki kuitwa mgonjwa. Shule zimefunguliwa na nimepewa darasa la tatu, watoto sitini na wawili kwa madawati ishirini. Goti lako laendeleaje? Na yule ng'ombe aliyesusia majani, amekubali kula? Asante kwa ndizi. Ziliiva zote siku moja, tukazila asubuhi, mchana na jioni tusije tukazitupa.

Naandika mimi kwa sababu mwanao ameianza barua hii mara tatu na kila mara ameishia kwenye ng'ombe. Tena naandika kwa Kiswahili, kwa kuwa Kikuyu changu, kama usemavyo mwenyewe, bado kina Umeru mwingi, na wewe cheti chako cha kisomo cha ngumbaru hukukitundika sebuleni bure.

Mama, mwaka huu tunatimiza miaka tisa ya ndoa, na hospitali tulizozunguka unazijua. Sasa tumekwenda ofisi ya watoto hapa mjini. Tumehojiwa, nyumba imekaguliwa, hata choo kimechunguliwa. Afisa ni Bi. Hamdi, binti wa mzee Mohamednoor anayeuza mbuzi sokoni. Mwezi jana alituita akasema tumepita, na yuko mtoto anayeona atatufaa. Ni msichana wa miezi minne. Aliachwa kwenye veranda ya zahanati mwezi wa tisa, akiwa amefunikwa vizuri.

Hapa ndipo nataka usome polepole. Ofisi bado inatafuta jamaa zake. Wakati huo wa kutafuta, mtoto anaweza kukaa kwenye makao ya watoto au akae kwetu. Bi. Hamdi anapenda akae kwetu mapema, asije akazoea watu mara mbili. Jamaa wakijitokeza na kumtaka, tutamrudisha. Wasipojitokeza, tutaingia Mahakama Kuu huko Nyeri naye atakuwa wetu kwa karatasi. Tumeelezwa wazi kwamba hiyo hatari ni yetu, si ya mtoto. Tumekubali.

Sasa nina maombi mawili. Ofisi inataka barua fupi kuonyesha kwamba familia ya mume haina kinyongo. La pili Gicheru ameniambia nilitaje haraka kisha nikunje barua: kwenu binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama ya baba, na wewe ulizaa huyu mmoja tu. Je, tumwite kwa jina lako?

Ni mimi,
Karimi.


Wamagana,
4 Februari 1996

Kwa Karimi,

Barua imefika. Mimi ni mzima, goti ndilo gonjwa peke yake. Ng'ombe alisusa mpaka nikamnunulia dawa, na dawa ilipofika mlangoni akaanza kula. Majani chai ni mengi na wachumaji ni wavivu. Mchungaji wetu amehamishwa, na huyu mpya anahubiri saa mbili akitafuta pa kumalizia. Mwambie Gicheru avae fulana niliyomfumia, aache kukohoa kwa ukaidi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani.

Naanza na jina kwa kuwa jibu lake ni fupi. Jina langu bado ninalitumia. Mtoto ambaye leo yuko na kesho atachukuliwa hapewi jina la mtu. Mwiteni lolote. Usiniulize kwa nini.

Hilo lingine ndilo limenikosesha raha. Yaani mmekwenda kuomba binti wa watu wewe na mumeo, mikono mitupu, kama wanaoomba kibiriti? Nani aliwatangulia? Wazee gani walisema neno? Hata jembe la jirani hutumwa mtu mzima kuliomba. Zamani mtu wa nje akiingia katika ukoo wetu, mbuzi alichinjwa na mtu huyo akahesabiwa amezaliwa nasi. Mimi ni mama wa kanisa na sisemi hayo yarudi. Nasema tu kwamba yalikuwepo.

Kuhusu barua ya ofisi usiwe na wasiwasi, maneno yetu yatafika kwa njia yake. Wiki ijayo nina safari ndogo ya kununua dawa ya kupe.

Wasalamu,
Mama yenu.


Nanyuki,
25 Februari 1996

Kwa Mama,

Salamu. Sisi tuko. Mvua haijanyesha. Gicheru amepona kikohozi, sasa anaumwa kichwa, na nitakueleza sababu.

Dawa ya kupe inauzwa Wamagana, Mama. Inauzwa Giakanja na kila duka la Nyeri. Haikuhitaji uje Nanyuki na wazee watatu, Mzee Kahiga akiwa mbele na fimbo yake, mpite mita mia mbili kutoka mlango wangu bila kubisha hodi, mwende moja kwa moja ofisi ya watoto mkivuta mbuzi.

Nimeyajua yote kwa Bi. Hamdi, aliyeniita nikiwa darasani. Alisema Mzee Kahiga alisimama, akavua kofia, akaanza: "Sisi tumesikia hapa kuna msichana. Tumekuja kuuliza kama iko njia." Karani akadhani wanamtafuta yeye, maana bado hajaolewa, akakimbilia stoo. Kisha mkamtoa mbuzi. Bi. Hamdi, ambaye amelelewa zizini, alimfungua mbuzi mdomo akatazama meno, akasema: "Wazee, mnaniletea hongo, halafu hongo yenyewe ni nzee kuliko mimi?"

Lakini alipomaliza kucheka alifungua faili letu. Mama, sheria yao ni kwamba mtu akitoa zawadi kwa ajili ya mtoto, shughuli husimama. Imesimama. Ameandika kwa wino mwekundu, na wakubwa wake watasoma. Yule mtoto alikuwa aje kwetu mwanzo wa mwezi wa tatu. Nilikuwa nimeshafua nepi mpya mara mbili ili zilainike. Sasa nazitazama tu kwenye kamba.

Tena wazee waliondoka wakamwacha mbuzi, ati kumrudisha ni matusi. Ofisi haiwezi kumpokea wala kumfukuza. Imeamua akae kwetu mpaka mwenyewe ajitokeze. Kwa hiyo tumepewa mbuzi wa kulea kabla ya mtoto. Amekula maua ya mwenye nyumba.

Sitaki kukukosea heshima, ndiyo maana naishia hapa.

Karimi.


Wamagana,
10 Machi 1996

Kwa Karimi,

Natumaini hamjambo. Hapa mvua imekuja juzi na upepo, ikang'oa mabati mawili ya jiko. Hakuna aliyeumia.

Sikupita kwako kwa sababu wanaokwenda kuulizia binti hawapiti kwa bwana harusi kunywa chai. Ulipaswa kulijua hilo. Labda Meru ni tofauti.

Kuhusu hongo nimekasirika, na Mzee Kahiga amekasirika zaidi, kwa kuwa mbuzi alikuwa wake. Nimemwandikia huyo afisa barua, nakala yake ni hii hapa:

"Kwa Afisa wa Watoto, Nanyuki. Mimi ni mama ya Gicheru. Ninasikia umeandika kwamba nilileta hongo. Mimi nimeishi miaka sitini na hongo nimeiona. Hongo huenda kwa mlango wa nyuma ndani ya bahasha, nayo hunyamaza. Ni nani katika Kenya hii ametoa hongo ya kuingilia lango la mbele saa nne asubuhi ikilia meee? Sisi hatukuja kununua mtoto. Tulikuja kusema kwamba akiingia kwetu, haingii kwa watu wawili tu, anaingia kwa wengi, na hao wengi wamejileta waonekane. Kama hapo kwenu hilo ni kosa, liandike kwa jina langu, usiliandike kwa mke wa mwanangu. Yeye hakujua. Angejua angetuzuia, kwa maana amesoma."

Nimeitia stempu mbili isije ikachelewa.

Mbuzi apewe chumvi.

Mama yenu.


Nanyuki,
14 Aprili 1996

Kwa Mama mpendwa,

Salamu za Pasaka. Tulikula chapati na nyama, na hapana, si mbuzi wa Mzee Kahiga. Huyo alichukuliwa na mjukuu wake wiki jana akiwa amenenepa kutushinda.

Bi. Hamdi aliisoma barua yako mara ya kwanza peke yake, ya pili akaisomea ofisi nzima. Kisha akaipeleka kwa wakubwa. Jibu lilikuja Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu: faili limefunguliwa, na chini ya ule wino mwekundu wameandika kwamba familia ya mume inaunga mkono, tena kwa sauti. Mama, nilikulaumu, na sasa nakuomba radhi. Ya mbuzi bado sijasamehe yote.

Mtoto yuko hapa. Alikuja Jumatatu ya Pasaka na shuka moja na chupa moja. Ana miezi saba. Ana paji la uso pana na hutazama watu kama mkaguzi wa shule. Siku mbili za kwanza hakulia hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Siku ya tatu Gicheru alimnyang'anya kijiko, mtoto akapiga kelele mpaka jirani akaja. Gicheru alifurahi hata akamnyang'anya tena.

Kule makaoni huwaita watoto wasio na jina kwa mwezi walioletwa. Huyu ni Septemba, na walikuwepo Agosti wawili. Sisi hatujambadilisha jina. Mimi namwita "wewe", na Gicheru anamwita "huyu". Siku akizoea atadhani ana majina mawili.

Njoo umwone.

Karimi.


Wamagana,
19 Mei 1996

Kwa Karimi,

Nimefurahi kusikia mko salama. Siwezi kuja. Ng'ombe anakaribia kuzaa. Goti halipendi safari. Akina mama wa kanisa wana mkutano, na mimi ndimi mwenye ufunguo wa sufuria kubwa. Halafu kuna mvua.

Nimemtuma Magdaline, yule muuza mboga anayekuja soko la Nanyuki, akuletee ndizi, nduma na sweta. Hilo sweta nililifuma tu mikono isikae bure, linaweza kumfaa mtoto yeyote. Kama mikono ni mirefu, ikunjwe. Kama ni mifupi, nipimie kwa uzi uufunge fundo, unirudishie huo uzi.

Nakupa neno la mtu mzima: msimpende sana mpaka karatasi itoke. Mlisheni, muogesheni, lakini mioyo muishike.

Je, ameota meno? Ya juu au ya chini yameanza? Analala kwa ubavu gani? Akisikia jogoo hushtuka? Nauliza tu.

Mama yenu.


Nanyuki,
3 Julai 1996

Kwa Mama,

Salamu, na samahani nimekaa kimya. Uzi wenye fundo nilimpa Magdaline. Meno ni manne, ya chini yalianza.

Jamaa yake amepatikana. Ni nyanya yake mzaa mama, anaitwa Mukami, anaishi karibu na Kerugoya. Binti yake alikuwa shuleni, alijificha mpaka akajifungua, na sasa amekwenda Nakuru wala hataki kuulizwa. Mama Mukami alikuja kuambiwa ukweli mwezi jana tu, akaenda mwenyewe polisi kuuliza mjukuu wake yuko wapi. Si mtu mbaya, Mama. Ningetamani awe mtu mbaya.

Tutakutana naye ofisini Ijumaa tarehe kumi na tisa. Baada ya hapo atasema kama anamtaka. Akisema ndiyo, tutampa, ndivyo tulivyoahidi. Bi. Hamdi ameniambia nisifue nguo zake zote siku hiyo, kwa maana akienda nitakosa hata harufu yake.

Uliniambia nishike moyo. Ushauri ulifika ukiwa umechelewa, nilikuwa nimeshampenda siku ile ya kijiko. Gicheru hatokei tena Jumapili na wenzake, anakaa chini kwenye sakafu anatambaa naye. Naogopa, Mama. Sina neno lingine la kukuandikia. Naogopa, na hapa nyumbani hakuna wa kumwambia kwa sababu mwenzangu anaogopa kunizidi.

Karimi.


Wamagana,
12 Julai 1996

Binti yangu,

Leo sina habari za ng'ombe.

Mwaka wa 1957, wakati tulipokuwa tumefungiwa vijijini na Waingereza, jirani yangu alikufa akaacha msichana wa mwaka mmoja. Baba yake alikuwa kizuizini. Nilimchukua. Mama mkwe wangu alikataa jina lake litumike, akisema maneno yaleyale niliyokuandikia mimi, kwa hiyo nikampa jina la mama yangu mzazi, Wanjugu. Nilikaa naye miaka minne. Alikuwa akinifuata mtoni ameshika kanga yangu kwa nyuma.

Baba yake aliporudi alikuja kumchukua. Alikuwa na haki na hakuwa na kelele. Alipata kazi ya ng'ombe Rumuruti, akaenda naye huko. Mama yangu alikuwa hai bado. Aliniuliza, "Na mimi sasa niko wapi?" Tangu siku hiyo jina la mama yangu liko Rumuruti, nami sijalisikia likiitwa. Gicheru hajui. Alizaliwa mwaka uliofuata, na sikutaka akue akijua kwamba alikuta nafasi ya mtu.

Hiyo ndiyo sababu niliyokukataza kuuliza. Ng'ombe alizaa tangu mwezi wa tano. Goti linatembea. Niliogopa kuja.

Nimefikiri tangu barua yako ifike. Miaka yote hii nimesema kwamba nilipoteza jina. Leo nimefikiri upande wa mtoto. Alikwenda mahali asipojua mtu wala njia. Nguo nilizompa zilimbana kabla ya Krismasi. Jina ndilo pekee alilobaki nalo kutoka kwangu. Nisingempa, angekuwa amekwenda na nini?

Kwa hiyo msingoje karatasi. Huyo mama wa Kerugoya akiuliza mtoto anaitwa nani, mwambieni anaitwa Murugi. Asiitwe hivyo kwa sababu amebaki. Aitwe hivyo leo. Akienda, aende nalo.

Mwambie Gicheru ainue kichwa.

Murugi,
nyanya yake.


Nanyuki,
28 Julai 1996

Kwa Mama mpendwa sana,

Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa yenyewe, saa mbili asubuhi. Gicheru alipitia posta tukielekea ofisini, akaisoma amesimama kwenye ngazi, akaikunja akaitia mfukoni bila kunionyesha. Nilimuuliza kuna nini, akasema, "Ni ya mama." Nikajua si ya ng'ombe.

Mama Mukami alikuwa ameshafika, amevaa viatu vya kanisani na ameshika mfuko wa mayai. Ni mtu mdogo kwa umbo, na nyumbani kwake ana wajukuu watano tayari. Hakumgusa mtoto kwanza. Alitazama shingo, akatazama nyuma ya masikio kuona kama tunaosha, akatazama sweta lako na kuvuta uzi kidogo kuona kama ni imara. Kisha akauliza, "Munamuita nani?"

Bi. Hamdi akafungua faili, maana humo ameandikwa Septemba. Ndipo Gicheru, ambaye ofisini humo hajawahi kusema zaidi ya "ndiyo", akasimama. Akasema, "Anaitwa Murugi. Huyu ni mama yangu." Akatoa barua aisome, akafika Rumuruti akaninyooshea. Nikaichukua nikaimalizia mimi, na hapo ndipo nami nilipoijua.

Mama Mukami aliniomba nirudie pale penye "akienda, aende nalo". Nikarudia. Mtoto akamtambalia, akamshika kiatu.

Kisha akasema, na nakuandikia vile alivyosema: "Mimi nilikuja kuona kama huyu mtoto ako na watu, ama ako na serikali. Kumbe ako na watu. Sasa nikimbeba niende na yeye, si nitakuwa nimeiba mama ya mtu?" Akacheka, kisha akalia, nami nikalia. Bi. Hamdi alifungua droo zote za meza akitafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Mama Mukami akatia kidole kwenye karatasi ya ridhaa. Ameomba aambiwe siku atakayotembea, na awe anakuja kumtazama wakati wa likizo. Tumemwambia mlango ni wake. Ametuachia mayai. Kesi yetu itasikizwa Nyeri mwezi wa kumi, na Bi. Hamdi asema sasa hakuna wa kuipinga.

Gicheru ameuliza habari za yule Wanjugu wa Rumuruti. Sijui atafanya nini, lakini juzi nimemkuta akitazama ramani.

Sasa nina jambo moja la kuungama. Mama, tangu niolewe sijawahi kutamka jina lako. Kwetu hairuhusiwi na kwenu hairuhusiwi, hata katika sala nilisema "mama yake Gicheru" na Mungu akaelewa. Sasa nalitamka mara arubaini kwa siku. Murugi, toa mchanga mdomoni. Murugi, mwachilie paka mkia. Jana Murugi alimwaga uji wote kwenye madaftari ya darasa la tatu, nikalitamka kwa sauti ambayo sitairudia hapa, na Gicheru akaja kutoka nje akaniambia nisiongee na mama yake hivyo.

Leo mchana amelala, na mimi nasahihisha hayo madaftari yaliyokauka. Nimelitamka mara moja zaidi, polepole, bila kumkemea mtu. Ni jina zuri, Mama. Kwa miaka tisa sikuwa na njia ya kukuambia.

Ni mimi,
Mama Murugi.